Vipande vya Korosho

Moshi wa korosho zinazochomwa hauna utamu wowote. Wanaozila kutoka kwenye pakiti hudhani una harufu nzuri kama ya karanga, lakini ule moshi unawasha pua, unakausha koo na kukaa kwenye nguo hata baada ya kufuliwa mara mbili. Kwetu Chilangala, juu kwenye uwanda wa Newala, ulitanda juu ya mapaa kuanzia Oktoba mpaka mvua zinapokolea. Nilijifunza kuchoma korosho nikiwa na miaka kumi na miwili, mwaka aliofariki mama. Baba alikuwa ametangulia. Nilibaki na mdogo wangu wa kike, Somoe, aliyekuwa na miaka sita, nikaacha shule nikiwa darasa la tano. Nilikuwa natoboa bati matundu kwa msumari, naliweka kwenye mafiga na kumwaga korosho juu yake. Zikipata moto, mafuta ya ganda yanachuruzika na kulipuka ndimi za moto zenye moshi mweusi, nami narushia mchanga kuzima. Kisha nakaa chini na kugonga moja moja kwa kipande cha chuma. Kabla ya kugonga lazima upake mikono mafuta ya nyonyo, maana mafuta ya ganda yanababua ngozi kama moto. Siku niliyosahau kupaka, vidole vilichubuka vyote.

Mama alipokuwa hai, korosho nzima ziliuzwa na vipande vikabaki nyumbani. Alivitia kwenye kinu, akavitwanga mpaka vikawa uji mzito, akavichanganya kwenye kisamvu. Chungu kilichemka polepole hadi mafuta yakaelea juu, nasi tukagombania ukoko wa pembeni. Mimi niliukomesha utaratibu huo, na nilifanya hivyo kwa akili zangu timamu. Nilitaka Somoe aanze shule Januari akiwa na sare, viatu na madaftari, asije akawa kama mimi. Kwa hiyo niliuza nzima, nikauza na vipande, vyote kwa mama mmoja aliyevipeleka stendi ya Masasi. Kisamvu nikakichemsha kwa maji na chumvi. Kama nilijiuliza chochote, nilijijibu kwa sentensi niliyokaririshwa darasani, ile tuliyoiimba wote kwa sauti moja huku mwalimu akigonga ubao kwa fimbo: mafuta huupa mwili joto. Nilikuwa na akili ya hesabu. Joto tungelipata kwenye blanketi. Mafuta ya nini basi?

Kaka yake mama, mjomba wetu, ndiye aliyekuwa mkubwa wetu kwa desturi, na mikorosho ya mama ilikuwa mkononi mwake. Alituachia miti mitatu tu nyuma ya nyumba. Jioni alikaa barazani na wenzake, wakitafuna korosho za moto kutoka kwenye sahani huku wakinitazama nikichambua kisamvu.

"Mama Somoe!" aliniita, na baraza zima likacheka, maana nilikuwa mvulana mwenye kazi za jikoni. "Mboga imeiva?"

"Bado, mjomba."

"Angalia usiunguze ubwabwa, mumeo anarudi sasa hivi!"

Siku moja hamu ya mboga ya mama ilinishinda, nikamwomba vipande vichache vya kutia kwenye kisamvu. Hakuacha kutafuna. "Korosho si chakula, baba. Korosho ni biashara. Unataka kula mtaji?" Nilirudi jikoni nikijiona nimefundishwa jambo la kiutu uzima. Mpaka leo nikilikumbuka jibu lile, taya zake zikienda, damu inanichemka.

Mwezi Desemba Somoe alianza kujikwaa. Mchana alikuwa mzima, anaruka kamba na kuimba. Jua likishuka tu, anapapasa ukuta. Jioni moja alikanyaga mafiga, jioni nyingine aliparamia kinu akapasuka mdomo. Majirani walicheka. "Huyo kawa kuku," walisema, "giza likiingia tu anatafuta pa kulala." Watoto wenzake waliokota maganda ya korosho wakamtupia jioni ili wamwone akigeuka upande usio wenyewe. Somoe naye, kwa kuwa alipenda kuchekesha, alijifanya kuku kweli, akapiga mbawa na kuwika. Mimi pia nilicheka, mara moja. Mjomba alisema ni mambo ya mizimu ya upande wa baba, tutafute jogoo mwekundu tumpeleke kwa mganga. Jogoo hatukuwa naye. Halafu jicho la kushoto likawa jekundu, likatoa machozi, akawa analificha kwenye kiwiko. Asubuhi moja nilimbeba mgongoni mpaka zahanati.

Nesi alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza mama wa mtoto yuko wapi.

"Mama Somoe ni mimi," nilisema, kwa mazoea tu.

Hakucheka. Alimwangalia Somoe macho kwa tochi, akavuta nywele zake nyepesi kwa vidole viwili, akauliza tunakula nini. Nikamwambia kwa fahari kidogo: ugali na kisamvu, kila siku, mboga ya majani haikosi.

"Na mafuta?"

"Hatutii, nesi. Korosho tunauza."

Aliuchukua mkono wangu akaugeuza. Vidole vilikuwa na madoa meusi ya mafuta ya ganda. "Hili doa maji yanalitoa?"

"Hayatoi."

"Kinachotoa ni nini?"

"Mafuta. Unapaka mafuta, unasugua, linaachia."

"Basi unajua tayari," alisema. "Dawa ya macho imo ndani ya hicho kisamvu chako, lakini haiyeyuki kwenye maji. Inashikana na mafuta tu. Usipotia mafuta, sehemu kubwa inaingia mdomoni na kutokea kule, mwili haujaipata." Kisha akaniambia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia shuleni: kwamba kila chembe ya mwili imezungushiwa utando mwembamba wa mafuta, na bila utando huo kilicho ndani kingemwagika, kwamba ubongo wa mtoto unajengwa kwa mafuta, kwamba mwili unayaweka akiba kwa siku za njaa. Joto lilikuwa jambo moja tu kati ya mengi. Alikata ncha ya kidonge laini, akamkamulia Somoe matone ya njano mdomoni. Yalikuwa mafuta. Somoe alilamba midomo, akauliza kama yapo mengine.

Ndani ya siku chache alianza kuona jioni. Jicho la kulia lilipona kabisa. La kushoto lilibaki na doa jeupe, na lipo hadi leo. Sare ile ilinunuliwa, na Januari aliivaa.

Nimejilaumu kwa miaka mingi, sasa nimechoka kujilaumu peke yangu. Mimi nilikuwa mtoto mwenye sentensi moja kichwani. Waliokuwa na sahani barazani walikuwa watu wazima. Tuliishi juu ya ardhi inayotoa mafuta kwa magunia, malori yakishuka nayo kutoka uwandani kila msimu, na mtoto akawa anapapasa ukuta katikati ya mikorosho ya mama yake mwenyewe. Hiyo si mizimu. Leo barabara ni ya lami, bodaboda inakufikisha popote, na korosho zinauzwa stendi ya Masasi kwenye pakiti zenye picha. Lakini juzi binti yake Somoe alirudi kutoka shule na daftari. Nililifungua. Mafuta huupa mwili joto. Nukta, na alama ya vema ya mwalimu pembeni.

Sasa mjomba ni mimi. Nilimchukua yule mtoto jikoni, nikampa mchi, nikamwagia vipande kwenye kinu, tukatwanga kwa zamu mpaka vikatoa mafuta. Mtu aliyekuwa akipita njiani, mzee mmoja wa baraza ile ya zamani, alituona akaangua kicheko.

"Mama Somoe! Hujaacha tu?"

"Abee," niliitika, na sikuacha kutwanga.