Hukumu Iliyotuacha na Vyungu Viwili

Juzi nilirudi Kenyamonta kuzika. Nilipoletewa ugali wa ulezi, nilishindwa kuumeza. Rafiki yangu, harufu ile ilinirudisha miaka ya hamsini, nikalia, na wenzangu wakadhani namlilia marehemu.

Nilikuwa binti mdogo, kazi yangu kusaga ulezi na kuswaga ndama. Baba yangu aliuawa na jirani wa ng'ambo ya kijito. Waligombania dume la ng'ombe. Matanga hayajaisha, baba mdogo akavuka na upinde wake, akamuua jirani yule. Bibi, mama wa baba na baba mdogo, hakujua kubembeleza. Alimwambia mwanawe kwamba hajamrudishia mtu, amemwongezea msiba.

Wazee wa inchama, baraza letu la mila, wakaamua. Baba mdogo amlimie mama wa jirani maisha yake yote, awe mikono ya mwana aliyemuua. Ulezi ukivunwa, yeye mwenyewe achinje kondoo, na nyumba zote mbili zikale kutoka chungu kimoja. Kabla ya hapo ni mwiko chakula cha nyumba moja kuingia nyumba ya pili. Vijana walicheka sana, eti heri kufa kuliko mwanamume kupalilia shamba la ajuza.

Baba mdogo alipalilia. Lakini mavuno hayajafika, askari wakaja kumchukua. Mama wa jirani alitembea hadi kwa Bwana Shauri, Mzungu aliyetawala wilaya, bibi akimfuata nyuma.

"Nirudishieni huyo kijana," alisema. "Mkimnyonga, nani atanilimia?"

Bwana Shauri alimjibu kwa upole, kupitia mkalimani, kwamba aende nyumbani, mwanawe aliyeuawa atatendewa haki. Wakamnyonga baba mdogo. Hata mwili hatukupewa.

Wale mama wawili wakabaki na majembe yao. Walilima pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wakitaniana na kusutana kwa uvivu. Jua likipanda, kila mmoja alikaa na chungu chake, wakapeana migongo, kwa maana wa kuchinja kondoo hakuwepo tena.

Ukaja mwaka wa njaa. Sisi tulikuwa na akiba kidogo, ng'ambo hawakuwa na kitu. Siku moja shambani bibi alimega tonge, akautazama mgongo wa mwenzake, akalirudisha chunguni.

"Kumpa siwezi," aliniambia, "na kula siwezi."

Mwenzake hakufikia mavuno. Bibi naye hakukawia.

Leo mashamba yale yote ni mahindi, mpaka hauonekani, na wazee wa baraza lile wamekwisha. Wajukuu zangu huniuliza kama baba mdogo alistahili kunyongwa. Nawajibu sijui, mimi si hakimu. Ninachojua ni kwamba adhabu ile yeye aliimaliza siku moja. Walioitumikia hadi kaburini ni mama wawili ambao hawakuwahi kumuua mtu.