Mbwa Aliyeondoka na Shati

Juma lililopita nilikuwa Ikungi, kwenye foleni kwa daktari wa mifugo, mtoto mgongoni, nikisubiri chanjo ya kideri ya kuku wangu. Mbele yangu alisimama mzee mmoja na mbwa mkubwa kama ndama, mwenye mvi mdomo mzima.

"Mchome sindano, alale moja kwa moja," mzee alimwambia daktari huku akitazama ukuta. "Kazi yetu ya ulinzi imeisha. Nimepanga chumba, na mwenye nyumba hataki mbwa."

Mama mmoja mfugaji, aliyekuwa nyuma yangu, akasogea.

"Shikamoo, mzee. Huyo mbwa anamjua fisi?"

"Marahaba. Anamjua sana, ila mbio hana tena."

"Sihitaji akimbie. Abweke tu, mbuzi wangu wapone. Nipe mimi."

Mzee akamkabidhi kamba. Mama akavuta, mbwa hakunyanyuka. Mama akafikiri kidogo.

"Vua shati, mzee. Atalilalia mpaka anizoee."

Mzee akavua palepale, akabaki na singlendi katika ule upepo wetu mkali. Mbwa akalinusa shati mkononi mwa yule mama, akasimama, akamfuata polepole.

"Mzee, leo umenyang'anywa mbwa na shati!" mtu mmoja akatania. Tukacheka. Mzee naye akacheka, akijifuta macho.

Wengi wetu, nami nikiwamo, tungechukua mbwa tukarudi nyumbani tukijisifu. Yule mama alikumbuka kwamba mbwa naye alikuwa anamwacha mtu wake.