Siku Niliyovaa Tai ya Hoza

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa kichwa chenyewe siku hizi kinatafuta miwani ikiwa puani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa kwa bibi yangu Korogwe, jirani na chuo cha ualimu. Wenzangu walikwenda Dar. Mimi nikifika Muheza tu naanza kukiwaza kitanda changu. Bibi alipangisha vyumba kwa wanachuo, nami nilikuwa, tuseme, meneja wa kuchota maji.

Mpangaji mmoja aliitwa Hoza, Msambaa wa Lushoto, mwaka wa mwisho. Alifiwa na baba yake. Alipotoka kuzika hakurudi kusoma. Alirudi kufunga sanduku. Wenzake wakamsihi, wakamwombea. Chakula hagusi.

Bibi akaniita jikoni. "Humu ndani Mzigua mwenye miguu mizima ni nani?"

"Mimi, bibi."

"Basi mtani wake unasubiri nini?"

Nikasema yule ni msomi, atachukia. Akaniangalia kama ugali ulioungua. "Wazee wetu na wazee wake walipigana, hayo wanasomeshwa huko chuoni. Walipochoka kuuana wakabaki watani. Mmoja akifiwa, mwenzake anakwenda kumchokoza mpaka arudi kwa watu. Nenda."

Kwetu mtani huvaa nguo za marehemu akamwigiza. Mimi nikaona anayetaka kuzikwa mle chumbani ni mwalimu Hoza. Basi nikaingia kwake, nikafungua sanduku lake mbele ya watu, nikavaa shati lake jeupe, na tai nikaifunga kama kamba ya mbuzi.

"Mwalimu Hoza katutoka," nikasema. "Wasambaa wamerudi mawinguni kulima kabichi. Kuanzia leo watoto wao nitawafundisha mimi."

Mwanachuo mmoja wa kutoka mbali akasimama anitoe nje. Hoza akamshika mkono. "Mwache. Huyo ni mtani." Kisha, midomo ikimcheza: "Mzigua wewe, hata tai hujui kufunga, utamfundisha nani?"

"Wanao."

Akacheka, cheko likageuka kilio, kilio kikaisha, akaomba chakula. Jumatatu akaingia darasani na shati lile lile. Amestaafu akiwa mwalimu mkuu. Na bibi alipofariki, Hoza alishuka kutoka Lushoto, akavaa khanga za bibi, akanikaripia kwa sauti ya marehemu hasa mbele ya waombolezaji wote. Sijawahi kujivunia kutukanwa namna ile.

Kwa hiyo, mwanangu uliye chuoni, ulizia watani wetu ni akina nani, na tulifikaje huko. Asiye mtani wako usimguse, huo utakuwa ufidhuli. Mpikie tu chai. Lakini aliye wako akifiwa, usimtumie pole ya simu ukalala. Nenda ukakae naye, hata ukiwa mwoga kama mimi.

Mungu akupe elimu, akupe na watani. Na siku utakapolia wewe, asikosekane wa kukuchokoza.