Nyasi za Kiwanja cha Daraja la Mwisho

Ulikuwa mwaka wa njaa, tuliokula unga wa njano wa serikali, ule unaonuka gunia. Niliukumbuka mwaka huo juzi, mjukuu wangu aliponiambia kiwanja cha ndege cha Same ni cha daraja la mwisho. Hata enzi za Mwingereza kilikuwa cha mwisho, uwanda mtupu wenye nyasi ndefu. Mwaka huo Mama alishuka nami kutoka mlimani kuzikata, maana ng'ombe wetu alikuwa amezaa na huko juu malisho yalikauka. Ndege ikaja inanguruma, ikazunguka juu yetu. Mimi nikadhani nayo ina njaa, inazitaka nyasi zetu.

Askari wa kiwanja akaja mbio. "We mama, acha hizo nyasi, toka!"

"Siachi, baba. Ng'ombe wangu kazaa."

Mama akauburuta mzigo wa nyasi pembeni, polepole. Ndege ikatua palepale alipofyeka Mama, kwingine nyasi zilikuwa ndefu mno. Mzungu akashuka ananuka mafuta, akasema kitu. Askari akatafsiri: "Bwana anasema nyasi za kiwanja ni mali ya serikali. Ziache."

Mama yangu, mwembamba vile, akajitwika mzigo wake, akamkazia Mzungu macho.

"Siachi, baba. Ng'ombe wangu kazaa."