Choo cha Fungo

Hasira ya Mwalimu Shamsia huchelewa kufika, lakini ikifika haibishi hodi. Ilimfika Jumanne saa nne asubuhi, nyumbani kwake Bigwa, amevaa miwani na kompyuta ipo mapajani.

Alifundisha baiolojia miaka thelathini na mbili. Alipostaafu, wenzake walifuga kuku. Yeye akanunua kamera yenye flashi, akaifunga kwenye mpapai nyuma ya nyumba. Mnyama akipita gizani, inamulika yenyewe na kupiga. Alishapata komba, kalunguyeye, na bundi mmoja aliyenuna. Lakini kipenzi chake ni fungo, mwenye shombo kali na weusi machoni kama aliyezidisha wanja. Fungo ana adabu yake: akishachagua pa kujisaidia, harudi pengine. Mwalimu aliielekeza kamera kwenye choo hicho, na tangu hapo hakuigusa ila kubadilisha betri.

"Mwalimu mzima anapiga picha mavi," jirani yake Mansuri aliwachekesha watu barazani.

Shamba la Mwalimu, hapo hapo nyuma ya nyumba, alilorithi kwa mama yake kama ilivyo desturi ya Waluguru, linapakana na la Mansuri kwa safu ya minyaa, miti iliyopandwa kuwa mpaka. Mwaka jana aliona safu imesogea upande wake. Akauliza. Mansuri akamtazama kwa huruma.

"Mwalimu, minyaa ipo palepale tangu enzi za marehemu mama. Ni umri tu huo."

Haikutosha, akampigia simu Yasmin, binti wa Mwalimu aliyeko Dodoma, kumwambia kwamba mama ameanza kusahau. Yasmin akaja mbio na dawa za kumbukumbu, na daftari la kuandika kila mama anachofanya. Mwezi wa sita mama atahamia Dodoma, akasema. Nyumba na shamba Mzee Mansuri ataviangalia.

Na Mwalimu aliamini! Alimeza dawa. Aliandika daftarini: nimezima jiko, nimefunga mlango. Hata juzi, Mansuri alipoamka jicho limevimba, jekundu, akidai kaingiwa na mdudu, ni yeye aliyempelekea maji safi na kumwosha kwa mikono yake.

Jumanne hiyo alikuwa anapanga picha za fungo za miaka miwili, amtumie mwanafunzi wake wa zamani. Fungo amechuchumaa. Fungo amechuchumaa tena. Nyuma yake, kwenye mwanga wa flashi, minyaa: kwanza iko mbali, inaonekana kwa shida. Kisha karibu. Kwenye picha ya juzi mkia wa fungo unagusa shina, na mashina yamekatwa upya, utomvu mweupe unang'aa. Kila mtoto wa Bigwa anajua utomvu wa mnyaa ukirukia jicho hulivimbisha.

"Mshenzi," Mwalimu alisema peke yake. "Mshenzi mkubwa wewe! Na jicho nimekuosha."

Akaenda mjini kuchapisha picha. Ijumaa, Bi Raya, mwenyekiti wa mtaa, akaitisha kikao uani kwa Mwalimu. Picha kumi na moja zikapangwa mkekani kwa tarehe. Mansuri alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, jicho bado jekundu.

"Hizi ni picha za mnyama," akacheka. "Pengine aliyesogea ni fungo."

"Fungo hahami choo, Bwana Mansuri. Kamera haijahama mpapaini. Mimi sijahama. Na hilo jicho si la mdudu."

Watu wote wakaligeukia lile jicho. Mansuri akaliziba kwa kiganja, na hapo hata waliokuwa upande wake wakaguna. Bi Raya akaamuru minyaa irudi ilipokuwa, na Mansuri aing'oe yeye mwenyewe, leo hii.

"Mwalimu, tusameheane," Mansuri akaanza. "Sisi ni majirani..."

"Ardhi utairudisha kwa jembe. Mwaka mzima nimejiona nimechanganyikiwa, huo utaurudisha kwa nini?"

Mwalimu akatoa simu, akampigia Yasmin, akaweka spika kila mtu asikie.

"Shikamoo mama. Umekunywa dawa?"

"Marahaba. Mzee Mansuri yuko hapa, ana neno."

Akamsogezea simu hadi mdomoni.

"Haya. Mwambie mwanangu mpaka uko wapi."