Sauti yangu imefika Marikiti kabla yangu

Jamani, leo nimesikia watu wakiicheka sauti yangu mbele yangu.

Nina mahojiano ya kazi kesho, kwa hivyo najifunza Kiingereza cha juu, yale maneno mazito ya ofisini.
Anayenifundisha ni Salma, shoga yangu tangu utotoni, jirani yangu hapa Kibokoni.
Kila jioni najirekodi, namtumia, ananisahihisha. Siri yetu wawili. (Nilidhani.)

Leo niko sokoni Marikiti nachagua ndimu, simu ya mama muuzaji ikatoa sauti: "Metiki... metikulasi!"
Wallahi ni mimi, nikihangaika na neno "meticulous".
Mama huyo na wenzake wanacheka mpaka machozi.

"Umeipata wapi hiyo?"
"Kwenye kundi letu la WhatsApp, dadangu. Salma hututumia kila jioni."

Kila jioni!

Nikaenda kwake moja kwa moja.
"Salma, mbona umenifanyia hivi?"
"Ah, shoga, ni mzaha tu. Jina lako hata sikulitaja."

Ningekuwa adui yake ningeelewa.

Nyinyi mngemjibu nini? Mimi niligeuka nikarudi nyumbani.
Sasa nimekaa kitandani najaribu kusoma kwa sauti, na kila nikifungua mdomo nasikia kicheko chao.