Mgeni Aliyegeuza Viatu

Kilichotangulia ni sauti. Ko, ko, ko. Mitalawanda, vile viatu vya mti ambavyo bibi yangu kule Wete, Pemba, alikuwa akiingia navyo chooni. Ilikuja polepole juu ya saruji ya korido yetu, ghorofa ya sita, Barking, London, Jumapili ya Desemba, saa kumi za jioni na giza limeshatanda. Nilikuwa jikoni, mikono imejaa unga wa maandazi. Nikasimama kusikiliza. Nani anavaa mitalawanda Barking?

Najua mtakavyosema. Msichana mchovu, kafiwa, halali, akili ikamchezea. Semeni. Lakini kiatu kimoja cha mdogo wangu hakijarudi mpaka leo, na kiatu hakichoki wala hakifiwi.

Nianze vizuri. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mdogo wangu Salha alikuwa na minane. Mama alikuwa amefariki mwezi wa tatu wa mwaka ule. Baba alikuwa Pemba na familia yake nyingine, akitupigia simu siku ya Idi. Kwa hiyo tulikuwa wawili tu. Siku sita za juma nilifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, nikiwalisha mama za watu kwa kijiko, kisha nikikimbilia basi nimchukue Salha kwa Bi Riziki, jirani yetu wa ghorofa ya chini. Jumapili ndiyo ilikuwa yetu. Jumapili maandazi, na Jumapili katuni.

Hiyo katuni Salha aliivumbua mwenyewe kwenye intaneti. Ilikuwa ya Kijapani, ya vichekesho, kuhusu familia ya kawaida kabisa. Hakuna majoka, hakuna mapanga. Kuna baba anayetafuta miwani iliyo juu ya paji la uso wake. Kuna babu anayeficha peremende ndani ya soksi. Kuna mama mwenye aproni nyeupe, nywele kazifunga kifundo, anayeunguza samaki kila anapopiga soga na jirani. Na kuna binti yao, Fumi, wa darasa la tatu. Jioni wote wanakaa chini kuzunguka meza fupi, wanakula, wanataniana, na wimbo unapigwa. Basi. Hiyo ndiyo hadithi yote. Salha alicheka hadi akashika mbavu, na mimi nilicheka kwa sababu yeye anacheka. Halafu wimbo ukiisha, nyumba yetu ilikuwa inanyamaza kwa namna ambayo siwezi kuieleza.

Kulikuwa na jambo moja kuhusu katuni ile. Ilianza kuonyeshwa kabla mama hajazaliwa, na Fumi bado alikuwa darasa la tatu. Maua ya sakura yanachanua, theluji inaanguka, mwaka mpya unaingia, na hakuna anayekua. Hakuna anayekufa pia. Mlishawahi kufikiria nyumba kama hiyo?

Jumapili ile, kabla ya sauti, Salha alikuja akasimama kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, kisigino ukutani, kidevu juu.

"Dada, nipime."

Mama ndiye aliyekuwa akimpima pale. Mistari ya kalamu ya risasi, mmoja juu ya mwingine, na mwezi umeandikwa pembeni kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto. Wa mwisho aliuchora Januari. Nikamwekea Salha kitabu kichwani. Alikuwa ameupita ule mstari kwa vidole viwili. Nikaishika kalamu, na mkono ukakataa. Kwa sababu mstari huo ungekuwa wa kwanza ambao mama hakuuchora. Na baada yake ungekuja mwingine, na mwingine, mpaka ile ya mama ibaki chini kama ngazi za nyumba iliyobomolewa.

Nikaiweka kalamu juu ya friji.

"Basi, Salha. Usikue tena. Baki hivi hivi."

"Kama Fumi?" Aliniuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili alikuwa anakisikia lakini hajibu kwacho.

"Kama Fumi."

Akafikiri kidogo. "Sawa," akasema, akarudi kwenye televisheni.

Ndipo ikaja ile sauti. Ko, ko, ko.

Korido yetu ina taa zinazowaka zenyewe mtu akipita. Ukiwa ndani unaona mwanga chini ya mlango, unajua jirani karudi. Niamini, nilitazama. Sauti ilifika mpaka mlangoni petu na chini ya mlango kulikuwa giza tupu.

"Hodi! Wenyewe mpo?"

Sauti ya mwanamke, ya kwetu, ya Wete kabisa, sauti ya mtu aliyeleta bakuli la kitu. Na mimi nikafanya kosa ambalo watu wetu tu ndio wanaolifanya. Sikuuliza nani. Mtu akipiga hodi, mdomo unatangulia akili.

"Karibu!"

"Hodi!"

"Karibu, karibu ndani!"

Baadaye ndiyo nilikumbuka kwamba hakutoa salamu. Hodi mbili, na hakuna salamu. Mgeni gani wa Kipemba anaingia nyumba ya watu wakati wa magharibi bila kusema "Asalam alaykum"?

Mlango sikuufungua mimi. Nilipotoka jikoni nikifuta mikono, alikuwa ameshaingia na kuvua mitalawanda yake, ameinama, anaipanga mlangoni kwa utaratibu mkubwa. Aproni nyeupe. Nywele za kifundo. Uso wake ulikuwa laini, mistari michache tu, kama aliyechorwa na mtu mwenye haraka na kipaji. Taa ya sebule ilikuwa nyuma yake, na mbele yake zulia lilikuwa jeupe. Hakuwa na kivuli.

Mbona sikupiga kelele? Nimejiuliza miaka kumi na moja. Jibu ni aibu tupu: mgeni alikuwa ameshakaribishwa. Na Salha alikuwa ameshamrukia.

"Dada, ni mama yake Fumi!" Alisema kama mtu anayetambulisha mwalimu wake sokoni.

Mgeni akaketi chini, magoti pamoja. Nikaleta chai ya tangawizi na maandazi. Nililelewa hivyo, hata ukiwa na hofu, mgeni hupewa chai. Alikula. Nilimwona akimega na kutafuna. Akamwambia Salha habari za samaki aliyeungua na babu aliyesahau soksi yenye peremende kwenye mashine ya kufulia, na Salha akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Machi. Kicheko cha mtoto aliyekaa karibu na mama.

"Mtoto mzuri," mgeni aliniambia. "Saizi nzuri."

Saizi. 

Akanyanyuka. "Naaga. Kwangu wananingoja kwa chakula."

Hapa ndipo kosa la pili, na hili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Mama alitufundisha kwamba mgeni haondoki peke yake kama moshi. Mgeni anasindikizwa, hata hatua kumi. Mimi mafuta yangu yalikuwa motoni. Na nilitaka atoke upesi, wallahi, nilitaka atoke kwa adabu na upesi. Nikasema kwa mdomo wangu mwenyewe:

"Salha, msindikize mgeni mpaka kwenye lifti."

Alivaa viatu vyake vyekundu, wakatoka wameshikana mikono. Nikazima jiko. Nikarudi kuchukua sinia. Kikombe kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni. Andazi lilikuwa zima, halina hata alama ya jino.

Nikatazama mlangoni. Viatu vyangu vilikuwa vimeelekea ndani, kama nilivyovivua. Na nikaona tena, kwa kumbukumbu, nilichokiona bila kukiona: alipoinama pale, mgeni alikuwa amegeuza jozi mbili za viatu, vyake na vya Salha, ncha zikitazama nje. Vimewekwa sambamba, tayari kwa safari.

Na chini ya mlango, giza. Mdogo wangu alikuwa amepita kwenye korido na taa hazikumwona.

Nilitoka miguu mitupu. Taa ziliniwakia mimi, moja baada ya nyingine, pa, pa, pa, na mwisho wa korido mlango wa lifti ulikuwa wazi. Ndani hapakuwa lifti. Palikuwa na kijukwaa cha mbao na safu ya viatu, na nyuma yake chumba chenye mwanga wa njano, meza fupi, mvuke wa wali. Baba yake Fumi alikuwa akipapasa mkeka akitafuta miwani iliyo pajini pake. Wote walikuwa wanacheka. Mto mmoja wa kukalia ulikuwa mtupu.

Salha alikuwa kwenye kizingiti, ameinama. Anavua viatu! Mtoto wa watu, mwenye adabu zake, hawezi kuingia nyumba ya watu na viatu. Cha kulia alikuwa ameshakivua na kukipanga kwenye safu yao. Cha kushoto kilikuwa kimekwama kifungo. Kifungo kile kibovu nilichokuwa nimeahidi kukitengeneza majuma matatu, ndicho kilichonipa muda.

"Salha!"

Hakugeuka.

Mgeni ndiye aliyegeuka. Hakuwa na ubaya usoni, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi mpaka leo. "Umesema abaki hivi hivi," aliniambia taratibu. "Kwetu atabaki."

Ningesema nini? Kule kulikuwa na mama, na baba, na babu, na wimbo. Kwangu kulikuwa na hita inayogoma na dada anayerudi ananuka dawa ya kusafishia sakafu. Nikafungua mdomo nimwambie nampenda, nikaona ni neno dogo. Na hata wao walikuwa wanampenda.

"Salha," nikasema, "njoo nikupime. Njoo nichore mstari."

Vidole vyake vikasimama juu ya kifungo. "Ulisema hutaki."

"Nataka."

"Na wa mwaka ujao?"

"Na wa mwaka ujao. Hata ukinipita mimi."

"Na nikiwa mkubwa nikaondoka?"

Wote mezani waligeuka kunitazama. Hata baba aliacha kutafuta miwani. Walikuwa wananingoja.

"Hata ukiondoka," nikasema.

Akaja mbio, kiatu mguu mmoja, soksi mguu mwingine. Mgeni akainama sana, mikono juu ya aproni. "Ahsante kwa chai," alisema. Mlango wa lifti ukajifunga, na namba zikashuka, tano, nne, tatu, kama lifti yoyote ya watu.

Usiku ule ule nilichora mstari. Unaonekana mpaka leo, umepinda katikati.

Kesho yake nilimweleza Bi Riziki. Alisikiliza mpaka mwisho, akapiga paja lake.

"Na wewe mwanangu! Karibu, karibu, kama mwenye hoteli! Unamkaribisha usiyemwona, unamjua ni nani?"

"Lakini Bi Riziki, hodi..."

"Hodi ndiyo kitu gani? Hata shetani ana mdomo." Kisha akaacha mzaha, akanishika mkono. "Ila huyo hukumwita mlangoni. Ulimwita ulipoweka kalamu chini. Mtoto usimwambie asikue. Yupo anayesikia."

Nilidhani yamekwisha. Hayakwisha. Mwaka mzima uliofuata Salha hakukua hata unene wa uzi. Kila mwezi nilimsimamisha pale mlangoni, nikachora, na mstari ukaangukia juu ya mstari, mpaka risasi ikakolea ikang'aa kama kovu. Jino lililokuwa likitikisika liliendelea kutikisika miezi kumi na miwili. Daktari alisema tusubiri. Nilisubiri kama mtu anayengoja mgonjwa nje ya chumba cha upasuaji. Desemba ilipozunguka, asubuhi moja nikamkuta kakaa kitandani, jino kwenye kiganja, damu kidevuni, anacheka. Nililia mpaka akaogopa. Juma lile alikua nusu kidole.

Na kiatu? Kiko kule. Salha aliiacha katuni mwenyewe, lakini mimi huifungua mara moja moja. Kila mtu wa nyumba ile anaporudi, wanaonyesha viatu mlangoni. Vya baba, vya babu, mitalawanda ya mama. Na pembeni, kimoja tu, chekundu, cha mguu wa kulia, ncha yake ikitazama nje. Niliwaonyesha watu wawili. Mmoja alisema kimechorwa tangu zamani. Mwingine aliomba nizime.

Basi nakwambia wewe unayesoma na mtoto kalala chumba cha pili. Ukisikia hodi magharibi, uliza nani, na ungoje salamu. Lakini la kwanza ni hili: mtoto akikuletea kichwa chake umpime, mpime. Usimwambie abaki hivi hivi, hata kwa mapenzi, hata kwa utani, kama mama wote wanavyosema. Mapenzi ndiyo wanayoyasikia haraka.

Septemba iliyopita Salha alikwenda chuo, mji wa mbali, mwendo wa saa nne kwa treni. Ana miaka kumi na tisa, umri wangu wa siku ile, na amenipita kwa kichwa. Asubuhi alisimama mwenyewe kwenye mwimo, nami nikapanda kiti nimchoree. Alipokwenda mlangoni, viatu vyake vilikuwa vimeshageuzwa, ncha nje. 

"Nani kageuza?"

"Mimi, Dada. Jana usiku. Nina haraka ya treni."

Sasa anajibu kwa Kiswahili. Akavaa, akafunga vifungo vyote viwili, akabeba begi.

"Hunisindikizi?"

"Sikusindikizi. Anayesindikizwa ni mgeni."

Alinielewa, akacheka, akanibusu juu ya kichwa kama vile mimi ndiye mdogo. Alipokanyaga korido, taa zikamwakia, moja baada ya nyingine. Nilizihesabu zote mpaka ya mwisho. Kisha nikaufunga mlango nyuma yake.